Kuwaombea Nyani Hela: Historia Fupi

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Louis Leakey alikuwa na shida ambayo msee yeyote aliyewahi kuandika pendekezo la mradi anaijua. Alikuwa na wazo, alikuwa na mtu wa kulitekeleza, na hakuwa na hela. Wazo lilikuwa kumtuma mtu akaishi na kuwatazama sokwe mtu wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Mtu mwenyewe alikuwa Jane Goodall, Mwingereza wa miaka ishirini na kitu, sekretari wake katika Makumbusho ya Coryndon hapa Nairobi, yale ambayo leo tunayaita Makumbusho ya Kitaifa. Hakuwa na digrii. Alikuwa amesomea usekretari, na nauli ya meli iliyomleta Kenya mwaka wa 1957 aliipata kwa kuhudumia watu mezani.

Leakey akamwandikia tajiri mmoja wa Des Plaines, Illinois, aliyeitwa Leighton Wilkie. Biashara ya Wilkie ilikuwa mashine za kukatia vyuma, na kitu kilichomvutia katika historia ya binadamu ni jinsi babu zetu walivyoanza kutengeneza zana. Akatoa dola 3,000. Hizo zilitosha boti ndogo, hema, tiketi za ndege na miezi sita ya kukaa msituni. Wakuu wa kikoloni walipokataa msichana wa Kizungu akae huko peke yake, akamchukua mama yake. Tarehe 14 Julai 1960 wakashuka ufuoni Gombe.

Mwezi wa Novemba, Goodall akamwona sokwe mwenye ndevu nyeupe, aliyempa jina la David Greybeard, akichukua unyasi, akauingiza kwenye kichuguu, akautoa umejaa mchwa na kuwala. Baadaye akaona sokwe wakipukutisha majani kwenye kijiti kabla ya kukitumia, yaani wanatengeneza zana. Tajiri wa zana amelipia safari, na safari imerudi na habari za zana! Ningeitia hiyo kwenye hadithi fupi, mhariri angeniambia nimezidisha chumvi. Habari zilipofika Marekani, National Geographic Society nayo ikafungua mkoba.

Ninaipenda hadithi hii kwa sababu za kitumbo. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, na kinacholipa kodi ya nyumba yangu si insha kama hii. Ni fomu. Watu wenye miradi mizuri na Kiingereza cha kuchechemea hunipa noti zao, nami nawapangia maombi ya ufadhili. Niliacha campo mwaka wa tatu, kwa hivyo jina langu halitokei popote kwenye karatasi hizo, lakini nimejifunza jambo moja ambalo Leakey alilijua kabla sijazaliwa: mfadhili hakulipii shida yako, anakulipia sentensi ambayo yeye anaweza kuisikia. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Swali langu katika insha hii ni hili: tunapowaombea nyani hela, ni nani huinama, na anainamia nini?

Kwanza tukubaliane kuhusu majina, maana Kiswahili kina tabia ya kumwita kila mnyama kwa jina lake bila kuwaweka wote kapu moja. Nyani ni yule wa kundi kubwa anayekupokonya ndizi barabarani Naivasha. Tumbili ni mdogo, wa kijivu, uso mweusi. Kima ni kima. Mbega ana joho jeusi na jeupe. Komba hulia usiku kama mtoto. Sokwe mtu ndiye jamaa yetu wa karibu, na Kenya haina hata mmoja wa porini. Kwa jumla nitasema "nyani na jamaa zake", na nikisema "hali njema" nina maana ya vitu vya kawaida: kula, kupumua, kucheza, kuwa na mwenzako, kutoogopa mchana kutwa.

Sasa, katika ile barua ya Leakey, hali njema ya sokwe haikuwa ajenda. Sokwe alikuwa kioo cha kujitazamia sisi wenyewe, na simlaumu mtu kwa hilo, maana wakati huo hapakuwa na kisanduku cha kulijazia. Hela nyingi zilizohusu nyani katika miaka hiyo zilikuwa za kununua miili yao. Chanjo ya polio ilikuzwa kwa seli za figo za tumbili na jamaa zake, na maabara za nchi tajiri ziliagiza wanyama hao kwa maelfu, wengi kutoka India, ambayo hatimaye ilifunga biashara hiyo mwaka wa 1978. Afrika Mashariki nayo ilikuwa sokoni. Nyani walionaswa Kenya, maeneo kama Darajani kwenye njia ya kwenda Mombasa, walisafirishwa hadi San Antonio, Texas, wakawa msingi wa kundi kubwa la nyani wa utafiti huko. Tumbili wa Uganda walipelekwa Ulaya. Mwaka wa 1967 baadhi yao walibeba kirusi ambacho hakuna aliyekijua. Watu 31 waliugua Marburg, Frankfurt na Belgrade, na 7 wakafa. Kirusi kikapewa jina la mji wa Marburg. Tumbili walikotoka hapakutajwa kwenye jina, na pengine ni afadhali.

Hapa nisijifanye mtakatifu. Mimi na wewe tulidondoshewa matone ya polio mdomoni tukiwa wadogo, na leo hatutembei na magongo. Hilo ni deni, na deni halifutwi kwa kutolitaja.

Aliyeanza kuuliza jinsi ya kulilipa hakuwa mtu mmoja. Mwaka wa 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walichapisha kitabu kilichopendekeza mambo matatu kwa kila anayetumia wanyama maabarani: atafute njia isiyotumia mnyama, ikishindikana atumie wachache, na hao wachache wasiteswe kuliko inavyolazimu. Hoja yao ilikuwa ya kijanja. Hawakusema tu kwamba huruma ni tabia njema. Walisema pia kwamba mnyama anayeteseka hutoa majibu mabovu. Yaani, ukitaka sayansi safi, mtunze mnyama. Hiyo ni sentensi ambayo mfadhili anaweza kuisikia. Hata hivyo kitabu kilikaa rafuni miaka mingi bila kelele.

Wakati huohuo, Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa akiwatenga watoto wa kima aina ya rhesus na mama zao. Aliwapa "mama" wawili wa bandia, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine wa kitambaa asiye na chochote. Watoto walinyonya kwa waya kisha wakakimbilia kitambaa na kukikumbatia. Baadaye aliwafungia wengine peke yao kwa miezi, wakatoka wakijibembeza, wakijing'ata, wasijue kucheza na wenzao. Leo mtu akiandika kwenye ombi lake kwamba kima anahitaji mwenzake kama anavyohitaji chakula, ushahidi anaousimamia una mizizi kwenye vizimba vile. Kuna siku niliandika sentensi kama hiyo saa nane usiku, nikakaa nikiitazama kwa muda mrefu.

Mambo yaligeuka pale picha zilipotoka nje. Mwaka wa 1981, Alex Pacheco, kijana aliyekuwa amejitolea kufanya kazi katika maabara moja ya Silver Spring, Maryland, alipiga picha za kima 17 waliokuwa humo katika hali ya kutisha. Polisi wakaingia. Utafiti ule ulikuwa ukilipwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, na ufadhili ukasimamishwa. Miaka minne baadaye, Desemba 1985, Marekani ikarekebisha sheria yake ya ustawi wa wanyama, ikaweka kifungu ambacho hakijawahi kuwepo: maabara lazima iwape nyani na jamaa zao mazingira yanayokuza hali yao njema ya kisaikolojia. Kanuni za kutekeleza hilo zilikamilika mwaka wa 1991.

Soma tena kifungu hicho kama mtu wa fomu. Sheria imesema kima ana akili inayoweza kuumia, na kila maabara iwe na mpango. Lakini mpango gani? Kima anataka nini? Ghafla, swali lililokuwa la wenye huruma likawa la wenye bajeti, na mtu akaweza kuomba hela za kulijibu.

Majibu mengine yalikuwa rahisi hadi aibu. Daktari wa mifugo Viktor Reinhardt, palepale Wisconsin kwa Harlow, alionyesha kwamba kima wazima waliofungiwa mmoja mmoja wangeweza kuwekwa wawiliwawili wasiuane, mradi wajulishwe polepole. Alionyesha kwamba kima anaweza kufundishwa kutoa mguu mwenyewe achomwe sindano ya kutoa damu, badala ya kukabwa na watu wawili. Na alipotafuta kitu cha kuwachangamsha, aliwakatia vipande vya matawi makavu wagugune. Matawi! Miaka na miaka ya vizimba vya chuma, na dawa mojawapo ilikuwa ikianguka yenyewe nje ya dirisha.

Goodall naye alikuwa amebadilika. Machi 1987 aliingia katika maabara ya SEMA huko Rockville, Maryland, iliyokuwa ikifanya kazi kwa hela za NIH. Alikuta sokwe wadogo wamewekwa wawiliwawili katika vizimba vya inchi 22 kwa 22, urefu inchi 24. Pima kwa mkono, utapata nafasi chini ya meza yako ya kusomea. Wengine walikuwa peke yao ndani ya masanduku, wakisubiri kuambukizwa. Yule sekretari aliyetumwa na Leakey kuuliza sokwe atatufundisha nini kuhusu sisi, sasa alikuwa akiuliza sisi tutamfanyia nini sokwe. Alizunguka na swali hilo karibu miaka arobaini, hadi alipofariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91.

Serikali hujibu polepole, lakini ilijibu. Mwaka wa 2000 Marekani ilipitisha sheria ya kuwajengea sokwe waliostaafishwa maabara makao ya uzeeni. Mwaka wa 2013 NIH ikatangaza kuwastaafisha sokwe wake wengi na kubakiza 50 tu, na mwaka wa 2015 ikaamua hao 50 nao wapumzike. Ofisi ileile iliyolipia sindano ikawa inalipia miti ya kupanda. Usiniambie fomu hazibadilishi dunia. Huichelewesha kwanza, kisha huibadilisha.

Nairobi nako kuna historia. Leakey huyohuyo alianzisha kituo cha utafiti wa nyani pale Tigoni, karibu na Limuru. Kituo hicho ndicho chimbuko la taasisi iliyo Karen leo, kwenye msitu wa Oloolua, tunayoijua kama Taasisi ya Utafiti wa Nyani. Imefanya utafiti mrefu wa magonjwa yanayotuua sisi, kichocho na malaria yakiwemo. Mwaka wa 2014 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walikuwa wakishiriki utafiti wa nyani huku Nairobi, nyani walionaswa porini, jambo ambalo sheria za Uingereza kwao zimelibana sana. Wanaharakati wa kule walikasirika, na walikuwa na haki.

Lakini mimi nikitazama kutoka upande wa huku, naona kitu kingine. Sheria ya hali njema ikipita London bila hela ya hali njema kufika Karen, mzigo hauondoki. Unahama tu, unapanda ndege. Sisi tunayo sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na inadai leseni kwa anayewafanyia wanyama majaribio. Tunacho kibali cha NACOSTI. Ila sheria inayosema "usimtese" na bajeti inayosema "hivi ndivyo tutakavyojua kama anateseka" ni vitu viwili tofauti.

Hicho cha pili ndicho kilichonifikia mwaka jana. Kikundi kidogo, watu watano, watatu kati yao waliokuwa watunzaji wa wanyama kwa zaidi ya miaka kumi, walitaka kufanya utafiti wa mwaka mmoja. Wanawahifadhi tumbili walionyang'anywa watu waliokuwa wakiwafuga kwa minyororo. Wengi wa tumbili hao huzunguka palepale siku nzima au hung'oa manyoya yao wenyewe. Watunzaji walikuwa wameona kwamba chakula kikifichwa ndani ya magogo na magunia badala ya kumwagwa kwenye sinia, baadhi huacha. Walitaka kupima kama ni kweli: nani aliacha, baada ya siku ngapi, na je, hurudia? Bajeti yao ilikuwa kamba, magogo, saa, daftari, na mshahara wa mtu wa kuandika.

Fomu ya mfadhili, ambaye simtaji, ilikuwa na visanduku viwili vilivyotukalisha. Cha kwanza kiliuliza utafiti huu utafaidi vipi afya au uchumi wa binadamu. Cha pili kilitaka Mtafiti Mkuu awe na shahada ya uzamili angalau. Mzee aliyewatunza tumbili tangu mimi sijavaa yunifomu ya nasari alinisomea kisanduku hicho mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, hapa wanauliza kama ninawajua hawa wanyama, ama kama nilisoma?" Nikamwambia, "Wanauliza kama ulisoma, mzee." Akacheka, akaenda kuwapa maji.

Tukatafuta mhadhiri wa kuweka jina lake juu. Alikubali, ni mtu mzuri. Kwenye kile kisanduku kingine nikaandika kuhusu magonjwa yanayohama kutoka kwa wanyama kwenda kwa watu, kwa sababu tumbili mwenye hofu na msongo huugua zaidi na watunzaji wake wako karibu. Ni kweli. Lakini sicho kilichowatoa wale watu vitandani saa kumi na moja asubuhi. Ombi lilikataliwa kwa barua ya mistari minne: mradi ulikuwa mzuri, ila "hauendani na vipaumbele."

Jane Goodall aliingia bila digrii kwa sababu Leakey alimdhamini, na baadaye Cambridge ikampokea kusomea uzamifu bila shahada ya kwanza. Ninafurahi kwa ajili yake. Ila hadithi hiyo ikisimuliwa kwetu huachia katikati. Mei 1975, waasi kutoka Zaire walivuka ziwa usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Hatimaye wote waliachiliwa, lakini wageni hawakuweza tena kukaa huko kama zamani. Kazi haikusimama. Watanzania kama Hilali Matama, wanaume wa vijiji vya jirani wasio na shahada, waliendelea kuwafuata sokwe kila asubuhi na kuandika: nani amelala wapi, nani amemchana nani manyoya, mtoto wa nani anakohoa. Waliandika kwa Kiswahili. Moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani za maisha ya mnyama wa porini imejaa Kiswahili cha Kigoma, halafu ikatafsiriwa ili wasomi waisome.

Kwa hivyo lugha ya kuwatazama wanyama hawa tunayo, na watu tunao. Fomu ya kuwaombea hela kwa Kiswahili, mimi sijawahi kuiona.

Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuahidi kuipa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Ahadi hiyo haijawahi kufikiwa. Wengi wetu tukisikia hivyo tunadhani ni shida ya maprofesa. Lakini anayelipa ndiye anayechora visanduku. Wilkie alilipa akapata zana. NIH ililipa ikapata chanjo, kisha sheria ikaibana ikalipa ikajua kima anapenda matawi. Hela ya utafiti ikitoka mfukoni mwetu, nasi tunaweza kuchora kisanduku kinachouliza, "Mnyama huyu atafaidika vipi?" na kingine kinachouliza, "Umeishi naye miaka mingapi?"

Hadi hapo tutaendelea kuinama. Kikundi kile kimepata anwani ya mfadhili mwingine, na makataa ni mwisho wa mwezi. Magogo waliyapata bure kwa jirani aliyekata mgrevilea, kwa hivyo bajeti imeshuka. Daftari wameshaanza kuandika, hela au hakuna hela, kila siku saa moja asubuhi na saa kumi jioni, kwa Kiswahili. Nitakapotafsiri, sentensi ya kwanza itakuwa ile ya mzee: tumbili nambari tatu, anayeitwa Kadogo, leo hajang'oa manyoya.